Ahadi ya Kazi Katika Mji wa Shaba

Miji mingi mikongwe ya Afrika ya Mashariki ilikua polepole kando ya bandari au njia ya misafara, watu wakiijia kwa hiari zao kwa ajili ya biashara, ndoa au elimu; bali mji wa Lubumbashi katika Katanga ya Kongo, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, pale reli itokayo Rhodesia ilipofika mwezi Septemba wa mwaka huo, ulijengewa tanuri la shaba kabla haujapata watu wa kulihudumia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwezi Oktoba 1906, ilimimina shaba yake ya kwanza karibu na mto Lubumbashi mwezi Juni 1911, na mawe yaliyoyeyushwa yalitoka katika mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku.

Watu wa nchi ile walikuwa wameijua shaba karne nyingi kabla ya kuja Mbelgiji, wakiiyeyusha na kuitia katika umbo la misalaba ambayo ilipokewa kama fedha hata nje ya mipaka ya Katanga. Lakini nchi yenyewe ilikuwa na watu haba, na hao waliokuwapo hawakuona sababu ya kuyaacha mashamba yao na samaki wa mto Luapula ili wakashinde mchana kutwa shimoni kwa ujira mdogo na chini ya usimamizi mkali. Basi wafanyakazi hawakuwa na budi kutafutwa mbali, na mtafutaji alihitaji ulimi mtamu, au kamba, au vyote viwili. Hapo ndipo ilipoanza desturi ninayotaka kuieleza: kazi kumfikia mtu kwa kinywa cha mtu wa tatu, kutoka mahali asipopaona, kwa niaba ya bwana asiyemjua. Naamini kwamba desturi hiyo ndiyo iliyoziandalia mahali barua za uongo za ajira ambazo leo zinawafikia vijana wa Lubumbashi kwa barua pepe, na kwamba asiyeijua historia yake atamdhania tapeli kuwa ni mzushi wa jambo jipya, ilhali anapita njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi kabla yake.

Mwaka ule ule wa 1910 kiliundwa chombo cha kuandikisha wafanyakazi, nacho kikaitwa Bourse du Travail du Katanga. Mawakala wake wakatawanyika katika nchi za kaskazini, hususan Lomami na Sankuru, wakienda kijiji kwa kijiji. Makampuni yalikilipa chombo hicho kwa kila mtu aliyefikishwa migodini, na chifu naye akapewa zawadi kwa kila kijana aliyemtoa. Na maadamu chifu aliiogopa serikali zaidi ya alivyowaogopa watu wake, aghalabu aliwatoa wale wasiokuwa na mtetezi, yaani watumwa wa zamani, wageni waliolowea kijijini, na vijana waliokosana na wazee. Walikuwako waliofikishwa wakiwa wamefungwa kamba. Upande wa kusini, kampuni ya Robert Williams, yule Mskoti aliyeasisi Tanganyika Concessions, iliandikisha watu wa Rhodesia ya Kaskazini na kuwavusha mpaka kwa mikataba ya miezi michache. Na kuanzia mwaka 1925 Union Minière ikapeleka waandikishaji wake hata Ruanda-Urundi, kwa sababu chemchemi za karibu zilikuwa zimeanza kukauka.

Ni lazima tutambue vyema uongo wa dalali wa zama zile ulikuwa wa namna gani. Kazi aliyoitangaza ilikuwapo kwa hakika, na mgodi ulikuwapo, na bwana mwenye fedha alikuwapo. Hila yake ilikuwa katika yale aliyoyanyamazia. Kijana aliyetoka katika bonde la joto la mto Lomami hakuambiwa kwamba anakwenda kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa mwezi wa Juni na Julai baridi hupenya hata mifupani, na kwamba atalala kambini pamoja na mamia ya watu wasiojuana, kwa chakula ambacho tumbo lake halikuzoea. Nimonia, homa ya matumbo na kuhara damu viliwaua wengi mno katika miaka ile ya mwanzo, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikawafagia wengi katika waliokuwa wamesalimika na hayo. Wala hakuambiwa kwamba mkataba ambao ametia alama yake bila ya kuweza kuusoma ulikuwa na meno: chini ya sheria ya mkataba wa kazi ya tarehe 16 Machi 1922, kama chini ya zile zilizoitangulia, mfanyakazi aliyeiacha kazi kabla ya muda aliweza kuadhibiwa kama mhalifu.

Dawa ya uongo huo ilikuwa ni moja, nayo ilitengenezwa na wanavijiji wenyewe: ushahidi wa aliyerudi. Mtu aliyerejea kutoka migodini alikaa barazani akaeleza ni kambi gani inayotoa posho kamili, ni msimamizi gani anayepiga watu, ni shimo gani linalobomoka. Na habari hizo zilisafiri kasi kuliko wakala mwenyewe, hata akafika kijiji fulani akakuta vijana wote wameingia porini. Zaidi ya habari za kweli zilitembea pia hadithi za batumbula, watu waliosemekana kuvizia usiku katika vichochoro vya Elisabethville na kuwateka Waafrika ili waliwe na wazungu. Wako wanaozidharau hadithi hizo kwa kuziita ushirikina mtupu; mimi naziona kuwa zilibeba ukweli mmoja mzito, kwamba watu walikuwa wakitoweka katika kazi ile, na ndugu zao hawakupewa maelezo.

Vifo na utoro viliigharimu kampuni fedha nyingi, na hesabu hiyo ndiyo, kwa maoni yangu, iliyoilazimisha kubadili mwenendo wake zaidi ya huruma yoyote. Tangu miaka ya 1927 na 1928 ilianza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akaruhusiwa na hata kuhimizwa kuja na mkewe, na chini ya uongozi wa daktari Léopold Mottoulle kambi zikapata nyumba bora, zahanati, shule za watoto na posho ya familia nzima. Reli ya kutoka Katanga hadi Port-Francqui katika Kasai, iliyokamilika mwaka 1928, ilifungua njia ya watu wa huko kuja kwa wingi. Na watoto waliozaliwa kambini hawakuhitaji tena kuandikishwa na mtu, kwa kuwa walikwisha kuwa ndani. Maisha hayo hayakuwa ya raha kama baadhi ya wazee wanavyoyakumbuka: shida ya uchumi wa dunia ilipoingia, maelfu waliachishwa kazi na kurudishwa makwao katika miaka ya 1931 na 1932, na wafanyakazi walipogoma kudai nyongeza ya mishahara, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville tarehe 9 Desemba 1941 na kuwaua makumi yao, akiwamo msemaji wao Léonard Mpoyi.

Hata hivyo katika miaka hiyo ilijengeka imani moja ambayo haijatoka mjini mpaka leo, nayo ni imani ya karatasi. Mtu mwenye kitabu cha kazi kilichopigwa mihuri alikuwa mtu kamili: aliweza kukaa mjini, kupita mbele ya polisi, kupokea posho, kumtibu mtoto; bali asiyekuwa nacho alikuwa si kitu, na aliweza kusukumwa nje ya mji siku yoyote. Mukanda wa kazi, kama wasemavyo watu wa Lubumbashi, ulikuwa na nguvu kuliko neno la mwenye kuuchukua. Serikali zilizofuata, za Katanga iliyojitenga, za Zaire na za Kongo ya leo, zilibadilisha bendera na majina ya barabara, lakini heshima ya muhuri wa mviringo zikaiacha pale pale. Ndiyo maana barua ya uongo itumwayo leo haikosi kamwe muhuri, tena aghalabu miwili, na saini ya wino wa samawati iliyopakwa juu yake. Tapeli anaijua taadhima iliyomo ndani ya nyoyo za watu, na anaitumia.

Union Minière ilitaifishwa mwishoni mwa mwaka 1966, na urithi wake ukaishia mikononi mwa kampuni ya serikali ya Gécamines, ambayo katika ustawi wake iliajiri watu zaidi ya 30,000 na kuendelea kuwa baba na mama kwa wote waliokuwa chini yake, ikiwapa unga, shule, hospitali na hata timu za mpira. Mwaka 1986 ilitoa takriban tani 470,000 za shaba. Kisha ukaja msiba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990; mwaka uliofuata wanajeshi na wananchi wakapora miji; katika miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kwa treni ili wafanye kazi, walifukuzwa Katanga kwa siasa za ukabila, wengi wao wakiondoka kwa treni zile zile; na ilipofika mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilicheleweshwa kwa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha za mkupuo ili waondoke kwa hiari, hiari ambayo wengi wao hawakuiona kuwa hiari, kwa kuwa fedha zenyewe zilikuwa chache mbele ya madai yao ya miaka mingi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame pamoja nami, kwa kuwa ni kiungo cha habari yote. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita Katanga ilikuwa na kazi nyingi na watu wachache. Kwa hiyo mwenye kazi ndiye aliyetoa fedha, akimlipa dalali, akimpa chifu zawadi, akimvika mwajiriwa blanketi na kumlisha njiani. Baada ya kuanguka kwa Gécamines hali iligeuka juu chini: watu wakawa wengi na kazi chache, na vijana wenye shahada za chuo kikuu wakawa wanauza vocha za simu kandokando ya barabara au kwenda kuchimba kobalti kwa mikono. Madini yenyewe yalirudi kwa kishindo baada ya sheria ya migodi ya mwaka 2002. Makampuni ya kigeni yakafungua migodi Ruashi, Kinsevere, Tenke, Fungurume na Kolwezi. Lakini mitambo ya siku hizi inafanya kazi ya mamia ya watu, na milango ya kuingilia ni myembamba. Dalali wa zamani alichuma kwa uhaba wa watu. Dalali wa leo anachuma kwa uhaba wa kazi, na kwa sababu hiyo fedha inakwenda upande mwingine: inatoka mfukoni mwa mwenye njaa. Mtu akilishika jambo hili moja, yaani ni nani anayemlipa nani kabla ya siku ya kwanza ya kazi, ameshika sehemu kubwa ya elimu ya kuzitambua barua za uongo.

Barua yenyewe huja kwa Kifaransa cha ofisi, ikitumia jina la kampuni ya madini inayojulikana, au la shirika la misaada, au la Umoja wa Mataifa, ambao majeshi na magari yake watu wa Kongo wameyaona kwa miaka mingi na mishahara yake wameisikia. Inamwambia kijana kwamba maombi yake yamekubaliwa, ijapokuwa hakuomba; kwamba amechaguliwa miongoni mwa mamia, ijapokuwa hakuna aliyemhoji; kwamba mshahara ni wa dola nyingi kupita kiasi cha kazi iliyotajwa; na kwamba nafasi itapotea asipojibu kabla ya Ijumaa. Kisha, mwishoni, kwa maneno machache na ya upole, linakuja lile lililokusudiwa tangu mwanzo: atume frais de dossier, yaani ada ya faili, au gharama ya uchunguzi wa daktari, au bima, au nauli itakayorudishwa pamoja na mshahara wa kwanza, na fedha ipelekwe kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi, kwa M-Pesa au Airtel Money au Orange Money. Akilipa, hupatikana gharama ya pili, na baada yake ya tatu, hata mtu akauza simu aliyoipokelea barua.

Wengi wamefundishwa kuitambua barua ya hila kwa makosa ya lugha, na fundisho hilo lilikuwa na faida wakati wake. Lakini leo programu za kompyuta zinaandika Kifaransa safi kwa yeyote azitakaye, na kosa la sarufi si alama ya kutegemewa tena. Jina linaloonekana juu ya barua nalo halithibitishi chochote, kwa kuwa mtumaji hulijaza apendavyo. Kinachostahili kutazamwa ni anwani kamili, na ndani yake yale maneno yanayofuata ile alama ya @: kampuni kubwa huandika kutoka katika anwani ya jina lake yenyewe, haiandiki kutoka katika masanduku ya bure ambayo kila mtu anaweza kuyafungua kwa dakika mbili. Tena asiridhike kwa kuliona jina la kampuni limo ndani ya anwani, kwani tapeli huongeza herufi moja, au hulitanguliza jina la kweli kisha akalifuatisha jina lake mwenyewe. Na katika anwani za namna hii aghalabu mwenye mali ni yule anayetajwa mwishoni, kabla tu ya nukta ya mwisho. Akishayaona hayo, aitafute namba ya simu ya kampuni mahali pengine kabisa, wala asipige ile iliyomo katika barua, kwa maana anayeuliza mlangoni pa mwizi atajibiwa na mwizi.

Kuna madhara ya pili ambayo watu huyasahau kwa kuwa hayatoi fedha siku hiyo hiyo. Barua nyingi zinadai nakala ya kadi ya mpiga kura, ambayo Wakongo wameitumia kwa miaka mingi badala ya kitambulisho cha taifa, pamoja na picha na vyeti vya shule. Na vitu hivyo, vikishafika mikononi mwa mtu mbaya, vinaweza kutumiwa kufungulia namba za simu na hesabu za fedha kwa jina la asiye na hatia. Asiyelipa hata faranga moja anaweza kuwa ameibiwa jina lake.

Sharti nikiri kwamba hali ya kazi katika migodi yenyewe inawasaidia walaghai. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilizitengea kampuni za Wakongo kazi za mikataba midogo, na nia yake ilikuwa njema. Lakini matokeo yake ni kwamba idadi kubwa ya wanaofanya kazi mgodini hawakuajiriwa na mwenye mgodi, bali na kampuni ndogo ambayo mtu hajapata kuisikia, ambayo ofisi yake ni chumba kimoja mtaani na anwani yake ni sanduku la bure. Barua ya kweli kutoka kwa kampuni kama hiyo inaweza kufanana na ya uongo kama mapacha. Kwa hiyo kumlaumu kijana aliyetapeliwa, na kumwambia alikuwa mjinga au mwenye tamaa, ni dhuluma. Amelelewa katika mji ambao tangu siku zake za kwanza kazi halali zilikuja kwa mlango wa dalali, na hakuna aliyemwonyesha mlango mwingine.

Sheria hazikukosekana. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Umoja wa Mataifa unatangaza bayana kwamba hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe maombi, mahojiano au mafunzo. Kifungu cha 98 cha sheria ya jinai ya Kongo kinaadhibu utapeli. Na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayagusa makosa yafanywayo kwa mitambo. Lakini aliyepoteza dola 50 huona haya kwenda polisi, tena huogopa kwamba huko nako ataombwa fedha. Basi ananyamaza, na ukimya wake unamwandalia mwenzake mtego ule ule.

Wala hasara haiishii katika fedha. Katika miaka ya karibuni vijana wa Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika waliitwa kwa ahadi za kazi nzuri katika Asia ya Kusini-Mashariki, wakafika na kujikuta wamefungiwa katika majengo yenye walinzi huko Myanmar na Kambodia, wakilazimishwa mchana na usiku kuwaandikia wengine barua za ulaghai. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwezi Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa katika hali hiyo Myanmar, na wengine wapatao 100,000 Kambodia. Nikisoma habari hizo nawakumbuka waliofikishwa Katanga kwa kamba, maana mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali katika historia yetu, ahadi ya kweli yenye mateso na ahadi ya uongo yenye wizi, huko yamekutana.

Wanavijiji wa Lomami, bila ya shule wala gazeti, walijikinga kwa kuuliza aliyerudi. Hilo bado lawezekana Lubumbashi, tena kwa wepesi zaidi, kwa kuwa migodi haiko mbali na karibu kila ukoo una mtu anayefanya kazi humo au katika kampuni zinazoihudumia. Barua ikifika, isomwe mbele yake kabla ya kujibiwa. Lakini mzigo huu usiachwe juu ya mabega ya watafuta kazi peke yao. Nawaomba wenye makampuni ya madini ya mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba, pamoja na ONEM, ile idara ya taifa ya ajira iliyoundwa mwaka 2002, wabandike kila mwezi katika milango ya ofisi zao orodha ya nafasi zilizo wazi na ya kampuni ndogo zilizoruhusiwa kuajiri kwa niaba yao, na waisome orodha hiyo redioni kwa Kiswahili, lugha ambayo mji huu unaizungumza, badala ya kuiacha katika Kifaransa cha tovuti ambazo mwenye shida hana fedha za kuzifungua.